Betri ya Nne

"Chagua muuaji," Vahob alisema.

Alikuwa amezipanga betri nne juu ya gazeti, au tuseme mabaki ya betri nne, maana moto wa juzi haukubakiza cha maana. Tatu zilikuwa nyeusi. Ya nne, pale ambapo plastiki haikuyeyuka, bado ilionyesha ukijani. Hakuna fundi mjini Kokand asiyeijua rangi hiyo. Ndiyo rangi ya betri orijino, ile anayoitamani kila akipita dukani na hana ubavu wa kuinunua.

Kapteni Hulkar alivua glavu za sufu, akavaa za mpira. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Ikifika saa nane mchana, saa arobaini na nane za kumshikilia Sanobar, muuza betri wa sokoni, zingekuwa zimekwisha. Ama ampeleke kwa mwendesha mashtaka na jalada la kuua kwa bidhaa hatari, ama amfungulie mlango aende zake. Meja alikwisha piga simu mara mbili, na mara zote mbili alisema maneno yale yale: "Kesi iko wazi, unasubiri nini?"

Wazi kweli, kwa anayependa kazi nyepesi. Jumanne adhuhuri karakana ya Usta Nurmat, fundi mkuu wa kuchonga milango na nakshi za kuta, mtu anayeamkiwa kabla ya imamu, ilishika moto. Wafanyakazi walikuwa wameenda kula pilau. Ndani walibaki wawili, Usta mwenyewe na Olmas, seremala wa miaka ishirini na saba aliyefunzwa na Usta tangu kushika randa. Usta alitoka na mkono wa kulia umeungua. Olmas hakutoka. Mama yake alimpa jina hilo, lenye maana ya "hafi", kwa sababu alikuwa amekwisha zika watoto watatu kabla yake. Sasa wametimia wanne.

Majira haya ya baridi umeme huja mtaani kwa muda wa saa mbili tu, katikati ya mchana, na kila karakana huchaji betri zake zote kwa pamoja kwenye rafu moja. Hapo ndipo moto ulipoanzia. Usta, mkono ukiwa bado unafungwa bendeji, alimtamkia karani wa polisi malalamiko yake: "Betri feki za mwanamke yule zimeniulia mwanangu." Polisi walipofika sokoni, walikuta meza ya Sanobar imekwisha pinduliwa na mwenyewe ametemewa mate.

"Mimi si mpiga ramli, kaka Vahob," Hulkar alisema. "Sema wewe."

Vahob alikuwa mtaalamu wa moto. Miaka thelathini ya kunusa majivu ilikuwa imemwachia kikohozi na kiburi. Alichukua penseli.

"Hizi nyeusi za bei chee, tazama. Ganda limeyeyuka kutoka nje, seli za ndani zimekaa kwenye mstari wake. Zimeunguzwa, hazikuunguza mtu." Akasogeza penseli. "Hii ya kijani imepasuka kutoka ndani. Seli zake mbili niliziokota upande wa pili wa karakana. Moja ilikuwa imezama kwenye mlango wa mbao ya mjozi."

"Orijino ndiyo iliyolipuka?"

"Ganda ndilo orijino. Ndani jionee mwenyewe, nisije nikaambiwa nimezeeka."

Hulkar aliinama. Aliwahi kuzifungua betri hizi katika kesi nyingine. Orijino ina seli kumi, zimeunganishwa kwa mabati membamba yaliyochomelewa na mashine, na juu yake kuna kibao kidogo kinachokata umeme betri ikijaa. Hapa seli zilikuwa tano. Zimelehemiwa kwa mkono, matone ya risasi ya kulehemia yamevimba ovyo. Kibao kilikuwepo, lakini waya ulipitishwa kando yake, kikabaki pambo. Na mahali pa seli tano zilizokosekana palikuwa na bonge jeupe, gumu.

"Nini hiki?"

"Jasi. Jasi na udongo, ile ya kuchongea nakshi za ukutani."

"Ya nini ndani ya betri?"

"Uzito, dada. Sisi hapa tukipewa kitu tunakipima mkononi kwanza. Kikiwa chepesi, feki. Kikiwa kizito, aa, hiki orijino! Aliyetengeneza hii anatujua vizuri sana."

Hulkar aliligeuza bonge. Upande wa chini, jasi ilipokuwa bado mbichi, mtu aliibonyeza kwa kidole gumba ili ikae sawa. Mistari yote ya kidole ilikuwepo, imeokwa na moto.

"Nimekwisha wapelekea picha watu wa pasipoti, wao wana alama za vidole za kila mtu," Vahob alisema. "Wamesema mchana huu huu watajibu."

"Na skrubu?"

Ganda lilifungwa kwa skrubu nne. Tatu zilikuwa za kiwandani, zenye tundu la pembe sita. Ya nne ilikuwa na mkato wa msalaba, ya kawaida, na bado mpya.

"Hiyo," Vahob alisema bila furaha, "wenzake nimezikuta kwenye kopo moja tu. Kopo tulilolichukua mezani kwa Sanobar."

*

Sanobar alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mfupi, shali yake bado ina matope ya sokoni. Kabla ya kuuza betri alikuwa fundi umeme kiwandani kwa miaka ishirini, mpaka kiwanda kilipofungwa na mafundi wote wakageuka wachuuzi.

"Umelala, dada Sanobar?"

"Kwenye kitanda chenu? Nimehesabu misumari, mdogo wangu. Lakini kitakachoniua humu ni chai yenu, si kitanda."

Hulkar aliweka mezani picha ya betri ya kijani. "Hii uliiuza wewe?"

"Mimi siuzi orijino. Nani atanunua kwangu? Mimi nauza nyeusi, na namwambia mtu usoni: mwanangu, hii ya bei chee, itakutumikia mwaka, ukiibwaga juani itakutumikia nusu mwaka, usiilalie na usiiache kwenye chaja ukaondoka. Sijamdanganya mtu. Anayeuza punda akasema ni punda, mnamfunga kwa sababu si farasi?"

"Olmas alinunua kwako?"

"Moja. Alilipa akaondoka, kijana wa adabu."

"Na hii ya kijani, uliifungua?"

Mpaka hapo mwanamke huyu alikuwa akijibu kabla swali halijaisha. Sasa alitazama mikono yake.

"Skrubu hii imetoka kwenye kopo lako," Hulkar alisema.

"Skrubu za kopo langu zimeenea nusu ya mji."

"Sikukuuliza habari za mji. Uliifungua?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi, au hutaki?"

"Siwezi. Andika hivyo hivyo."

"Dada yangu, nisikilize. Aliyejaza uchafu kwenye ganda hili anajua kulehemu. Wewe unajua. Skrubu ni yako. Na sasa umenyamaza. Unafikiri Meja atasoma nini hapo?"

"Najua atakachosoma." Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Nina mabinti wawili, nyumba imepakwa matope, wakwe wao wamekwisha sikia. Ningekuwa naweza kusema ningesema jana."

Njia ya mwongo ni fupi, na Hulkar alikwisha itembea na wengi ndani ya chumba hiki. Waongo huongea. Hutoa majina, hutoa tarehe, hukuapia wazazi wao. Huyu alikuwa amefunga mdomo, na kufunga huko kulikuwa kunamgharimu. Hulkar alikusanya picha zake akatoka. Saa nne na nusu.

*

Nyumbani kwa marehemu wanawake walikuwa wamekaa kwenye magodoro, wamevaa bluu ya msiba. Mlangoni palikuwa na gunia la unga na paja la kondoo. "Vimetoka kwa Usta," jirani mmoja alinong'ona bila kuulizwa. "Mtu wa Mungu yule."

Mjane alikuwa Mavjuda, wa miaka ishirini na tatu, mimba ya miezi sita ikionekana chini ya gauni. Hulkar alimpa pole, akamwomba waende chumba cha ndani.

"Mumeo alikuwa na betri ya kijani. Aliipata wapi?"

"Ya Usta hiyo, dada. Ya siku ya mshipi."

Siku hiyo mtaa mzima uliikumbuka. Mwanafunzi akiiva, Usta humfunga mshipi kiunoni mbele ya watu, humsomea fatiha, humkabidhi zana, na kuanzia hapo anaweza kufanya kazi kwa jina lake mwenyewe. Zamani zana ilikuwa tindo na randa. Siku hizi vijana wanataka drili ya betri.

"Ilizunguka duara lote kabla ya kumfikia," Mavjuda alisema. "Kila mgeni aliipima mkononi. 'Nzito!' 'Orijino kweli!' Usta akasema, nyumbani kwangu feki haiingii wala haitoki. Mume wangu alilia kwa furaha. Mimi pia nililia."

"Ilifanya kazi?"

"Mwezi mmoja. Halafu ikaanza kuchoma, huwezi kuishika. Nikamwambia irudishe. Alinikemea, dada, siku hiyo tu alinikemea tangu anioe. 'Mtu anamrudishia ustadhi wake fatiha?' Akaenda akanunua nyeusi. Kazi zake zote alifanyia ile nyeusi."

"Sasa ya kijani ilifuata nini kwenye chaja?"

"Sijui. Kila asubuhi aliibeba. Nikasema labda imepona."

"Betri haiponi, mdogo wangu." Hulkar aligeuza ukurasa. "Kuna siku alirudi hayuko sawa?"

Mavjuda alifikiri. "Siku ile ya theluji kubwa. Wiki tatu sasa. Nilimwokea mkate, akatoka nao mzima kwenda sokoni, akarudi na nusu. Nikamwuliza, nusu umekula na nani? Akasema, 'Nimeumega na mtu.' Basi. Hakusema zaidi, na chakula hakugusa."

Kalamu ya Hulkar ilisimama. Hapa mtu akikuapia Mungu, unaweza kumdai shahidi. Akikuapia kwa mkate uliomegwa, mmoja ameshika nusu hii na mwingine nusu ile, hudai kitu. Wapo waliofungwa, wapo waliouza nyumba, na mkate hawakuusaliti.

"Dada," Mavjuda alimshika mkono. "Naona maswali yako yanamwelekea Usta. Tafadhali usimguse. Ameahidi mtoto akizaliwa wa kiume atamfunza mwenyewe. Mimi sina mwingine."

Hulkar hakuahidi kitu. Alimfunika magoti na blanketi, akatoka.

*

Alipitia tanurini, akanunua mkate mmoja. Saa sita aliuweka mezani mbele ya Sanobar, na mwanamke akarudi nyuma kwenye kiti.

"Usinifanyie hivyo."

"Sikuombi uvunje kiapo. Mimi nitasema, wewe utakaa. Nikipatia, nyamaza. Nikikosea, nisahihishe. Kunisahihisha si kusema siri, maana nitakuwa nimesema uongo."

Sanobar aliutazama mkate.

"Siku ya theluji Olmas alikuja kwako na betri ya kijani. Ilikuwa inachoma."

Kimya.

"Uliifungua. Mkaona seli tano na bonge la jasi. Mkaona wote wawili."

Kimya. Mkono wa Sanobar ulikuwa umeshika pindo la shali.

"Aliijua ile jasi, maana alikuwa akiikoroga mwenyewe karakanani miaka minne. Akajua nani aliyeijaza. Akakumegea mkate, ukaapa hutamwambia mtu yeyote, Usta asije akaaibika."

Kimya.

"Ukamwambia ni hatari. Akakubali kuitupa."

"Hapana!" Sanobar alipiga meza. "Hapo umekosea. Hakukubali! Mimi nilitaka kuukata ule waya pale pale, iwe jiwe tu la kubeba. Akanishika mkono. 'Mama, ukiukata taa ya chaja haitawaka. Usta huitazama taa.' Nikamwambia, mwanangu, kitu hiki kitakuua. Akacheka. Akasema, 'Sifanyii kazi, mama, naichaji tu.' Anaichaji tu! Mimi, miaka ishirini ya umeme, nikamwachia! Skrubu moja ilitumbukia kwenye theluji, nikatafuta nyingine kwenye kopo, nikaikaza kwa mkono wangu huu."

Aliuinua mkono huo akautazama kwa chuki.

"Tunaambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Haya, huyu alisikia la mkuu, akaliheshimu mpaka mwisho. Nenda kamtazame."

Simu ya Hulkar iliita. Alikuwa Vahob.

"Gumba la kulia," alisema. "Pasipoti wamejibu. Sitaki kutaja jina kwenye simu, maana ndiye aliyechonga mlango wa nyumba yangu."

"Nimekuelewa."

Hulkar alijaza fomu mbili, akazigonga muhuri. Saa saba kasorobo alimfungulia Sanobar mlango wa nje mwenyewe, askari wa zamu wakitazamana. Meja angefoka. Acha afoke.

"Chukua karatasi hii. Inasema huna hatia."

Sanobar aliikunja akaitia kifuani. "Waliopindua meza yangu hawasomi, mdogo wangu," alisema, akashuka ngazi taratibu akielekea sokoni.

*

Usta Nurmat alikuwa uani, mbele ya karakana iliyobaki kuta nyeusi. Watu walikuwa wakija kumpa mkono wa pole, naye akiwapa wa kushoto. Alikuwa mzee mrefu wa miaka sitini na sita, kofia yake safi, ndevu zimechanwa. Alipomwona kapteni aliwaomba wageni waende wakanywe chai ndani.

"Karibu, binti yangu. Umekwisha mfunga yule mwanamke?"

"Nimemwachia."

"Umemwachia? Muuaji?" Sauti yake ilipanda ili walio ndani wasikie. "Serikali gani hii!"

Hulkar alitoa kitambaa mfukoni, akakifungua, akamwekea lile bonge kwenye kiganja cha kushoto. Usta alilipima mkononi, kwa mazoea tu, juu chini, kama wanavyofanya wote. Halafu akajua ameshika nini, na mkono ukatulia.

"Gumba la kulia," Hulkar alisema. "Hilo lililofungwa bendeji. Wa pasipoti wamelilinganisha. Unataka tuongelee hapa au kituoni?"

Usta alikaa kwenye gogo la mjozi.

"Hapa," alisema, sauti ya chini sasa.

"Ganda lilitoka wapi?"

"Langu. Betri yangu ya zamani, imenitumikia miaka sita, seli zikafa. Seli nyingine nilizitoa kwenye kompyuta mbovu. Nililehemu mwenyewe."

"Na waya uliopita kando ya kibao?"

"Kibao kilikuwa kinakataa seli zile. Kila nikiweka kwenye chaja, taa haiwaki. Nikakizunguka."

"Kilikataa kwa sababu ni mbovu, Usta. Ndiyo kazi yake."

"Sijui umeme, binti yangu. Mimi mtu wa mbao." Alifuta uso. "Ungekuwepo siku ile ungenielewa. Mtaa mzima uko uani kwangu. Mafundi wa Margilan wamekuja, wa Rishtan wamekuja. Orijino mpya bei yake ng'ombe. Nimpe nini kijana, ile nyeusi ya sokoni, waipime mkononi mbele yangu, wacheke? Nikasema nitampa hii, mwakani nitambadilishia kimya kimya."

"Ile nyeusi ya sokoni ilikuwa na kibao kinachofanya kazi. Isingemuua."

Usta aliligeuza bonge kiganjani, alama ya gumba ikaelekea chini.

"Ukamshitaki Sanobar."

"Nilidhani ni zake."

"Usta."

"Nilitaka ziwe zake." Alisema hivyo akitazama chini. "Moto ulipozimwa niliona zile nyeusi tatu, nikashukuru Mungu. Ndiyo, nilishukuru. Andika. Lakini nikwambie kitu kimoja, na hicho ndicho kinachoniwezesha kufumba macho. Olmas hakujua. Alikufa akiamini ustadhi wake alimpa kitu halisi. Kila adhuhuri aliileta, akaiweka kwenye chaja, taa ikawaka, akanitazama akatabasamu. Aliipenda ile betri."

Hulkar alikuwa anaweza kumwachia hilo. Alikuwa na alama ya kidole, alikuwa na maneno yake, jalada lilikuwa limekamilika. Lakini alikuwa ametoka kumwona Sanobar akishuka ngazi na karatasi kifuani, na huruma yake yote ya siku hiyo ilikuwa imekwisha.

"Alijua," alisema.

"Nini?"

"Aliifungua siku ya theluji. Aliiona jasi yako kwa macho yake."

"Unasema uongo."

"Kazi zake alifanyia nyeusi, muulize mkewe. Yako aliichaji tu, ili uione taa. Alimwapisha mtu kwa mkate asikuaibishe, na mtu huyo amekaa mahabusu siku mbili kwa ajili yako."

Bonge la jasi lilimponyoka Usta, likaangukia theluji iliyochanganyika na majivu. Hulkar aliliokota, akalifuta, akalirudisha kwenye kitambaa.

"Wiki tatu?" Usta aliuliza.

"Wiki tatu."

"Kila asubuhi alinibusu mkono. Wiki tatu ananibusu mkono na anajua!" Aliinua uso, umemvimba wote. "Mbona hakuniambia? Ningemkasirikia siku moja, basi. Angekuwa hai!"

"Na wewe ulikuwa ukiiona inachajiwa."

"Nilikuwa naiona."

"Unajua ndani kuna nini."

"Najua. Kila siku nilisema leo nitamwambia. Nikiona anatabasamu, nasema kesho."

Ndani mtu alikohoa, vibakuli vya chai vikagongana. Hulkar aligeuza ukurasa mpya. Lilibaki swali moja, la utaratibu tu, kwa ajili ya mchoro wa eneo la tukio.

"Katika maelezo ya juzi ulisema moshi ulipoanza ulikuwa umekaa mlangoni. Ndiyo sehemu yako ya siku zote?"

Usta alizitazama kuta nyeusi.

"Hapana."

"Siku zote unakaa wapi?"

"Ndani kabisa, karibu na jiko. Chini ya rafu. Ndipo mahali pa mkubwa, pana joto."

"Ulihama lini?"

"Betri ilipoanza kuchoma. Niliisikia harufu."

Hulkar aliandika. "Na mahali pako pale chini ya rafu, ulipohama, alikaa nani?"

Mzee alifunika macho kwa ule mkono mzima.

"Olmas," alisema. "Nilimpisha mwenyewe. Nilimwambia, njoo ukae hapa penye joto, mwanangu, sasa na wewe ni fundi."